Matimba ya Akida

Jumamosi ile Mageni alitia chumvi kwenye maharage mara mbili, akafagia uwanja aliokwisha kuufagia, kisha akawafukuza kuku ambao hawakuwa wamemkosea lolote. Mumewe, Sostenes, aliyekuwa kizingitini akishona kiatu cha mteja, alimtazama akipita huku na huko mpaka akamwuliza kama siafu wameingia ndani ya sketi yake.

Kesho yake alitakiwa kusimama kanisani kutoa ushuhuda. Hakuwa na shida ya maneno. Watu wote wa Kanisa la Chemchemi, hapo kwenye machimbo ya Nyamalele, nusu saa kwa pikipiki kutoka Kharumwa, waliujua ushuhuda wa Mama Enock, ndivyo walivyomwita, kama wanavyoijua njia ya kisimani. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakiuigiza, wakigombania nani awe Mama Enock na nani afukiwe.

Ushuhuda wenyewe ulikuwa hivi. Miaka minne nyuma duara, yaani shimo ambamo Sostenes alikuwa akichimba dhahabu, liliporomoka likamfungia chini kwa siku mbili. Mkewe akafunga, asile wala asinywe. Akamimina mafuta ya upako juu ya udongo ule, akaomba mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi ya siku ya tatu Sostenes akatolewa akiwa hai, nyonga tu ndiyo iliyovunjika, maana Bwana aliushika udongo kwa mkono wake mwenyewe. Kwa maneno hayo watu waliokoka. Walevi waliacha pombe, ingawa mmoja aliirudia na huyo tumwache. Enock, mtoto wao wa pekee, alibatizwa kwa sababu ya maneno hayo hayo.

Ushuhuda ule ulikuwa na uzuri mwingi na ubaya mmoja tu. Mageni hakufunga, hakumimina mafuta, na wala hakuomba.

Angeweza kuendelea nao hivyo hivyo mpaka siku ya kuzikwa kwake, na Mchungaji angeusimulia tena kaburini. Watu wengi huzikwa na mambo makubwa kuliko hayo. Lakini mchana huo Enock alikuja nyumbani na vumbi lake lote, kijana wa miaka ishirini na mbili, mabega kama ya baba yake enzi zile, akajimiminia maji kichwani na kusema kwa furaha, "Mama, Jumatatu tunafungua tobo jipya kule chini. Tumeufikia mwamba wenyewe."

"Matimba mmeshaweka?"

Matimba ni yale magogo ambayo wachimbaji huyasimika na kuyalaza chini ya ardhi ili kuzuia kuta na dari zisiwaangukie. Duara lisilo na matimba ni kaburi ambalo halijafungwa tu.

"Ya juu yapo," Enock alisema. "Ya chini, Mwinjilisti kasema tusiyasubiri. Miti ya karibu imekwisha, kibali cha maliasili kinazunguka huko maofisini, na mvua zinakaribia. Tutaingia na upako."

Mwinjilisti huyo alikuwa Mwigulu, mwenye lile duara, ambalo alilipa jina la Ebenezeri. Zamani wenye maduara walikuwa wakimwita mganga na mbuzi mweupe kabla watu hawajashuka. Watu wa Chemchemi waliacha hayo, na kila Jumatatu Mchungaji Abel alikuja na chupa yake ya mafuta, akapaka kamba, winchi, na vipaji vya nyuso. Hapakuwa na ubaya. Mafuta hayajawahi kumdhuru mtu. Ubaya ulianza pale watu walipoyapa mafuta kazi ya magogo.

"Enock," Mageni alisema, "upako haushiki dari."

Kijana alicheka. "Unanipima imani, mama? Wewe? Baba alitokaje?" Akajifuta uso kwa fulana. "Kuna wenzangu wana hofu kidogo. Ndiyo maana Mchungaji anataka kesho utoe ushuhuda kabla hatujashuka. Wakikusikia watapata nguvu."

Akaingia ndani kutafuta chakula. Baada ya muda kidogo alisikika akiuliza kwa mdomo uliojaa, haya maharage yamepikwa na maji ya bahari?

Mageni alibaki uwanjani na ufagio mkononi. Alijua sasa kwamba mtoto wake angeshuka shimoni Jumatatu akiwa ameegemea gogo moja tu, na gogo lenyewe ni uongo wa mama yake.

Uongo huo haukuzaliwa mkubwa. Jumapili ya kwanza baada ya Sostenes kutolewa, Mchungaji Abel alimsimamisha Mageni mbele na kumwuliza kwa upole, "Mama Enock, uliomba, sivyo?" Kanisa zima lilikuwa likimtazama kwa machozi. Mume yuko hospitali, anapumua. Angejibu nini? Alisema, "Niliomba." Neno moja. Safari iliyofuata akaulizwa kama alifunga, na kwa kweli hakuwa amekula, ingawa ni kwa sababu chakula hakikupita kooni, basi akasema alifunga. Kwenye semina ya akina mama kule Chato, mtu fulani akauliza kuhusu mafuta. Ushuhuda uliendelea kunenepa kama mtoto anayenyonya vizuri, na kila uliponenepa ilizidi kuwa vigumu kumwambia mtu kwamba si wa kwako.

Kilichotokea hasa ni kwamba siku zile mbili alijifungia chumbani akamtukana Mungu. Hakulalamika, alitukana, kwa Kisukuma, lugha ambayo mtu hahitaji kutafuta maneno ndani yake. Wanawake waliokuja kumfariji walisikia sauti ikipanda na kushuka nyuma ya mlango, wakaambizana kwa kunong'ona, yuko kwenye maombi, msimsumbue.

Na aliyemwokoa Sostenes alikuwa na jina. Aliitwa Akida, fundi wa matimba, mzee Mwislamu wa Kharumwa ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa huku huku. Wiki moja kabla ya maporomoko, Akida aligombana na mwenye duara mpaka akaruhusiwa kuweka matimba mapya kwenye tobo la pembeni. Udongo ulipoanguka, magogo yake yalishika nafasi ya kutosha mtu mmoja kujikunja. Na kwa kuwa ni yeye aliyeyaweka na alijua kila gogo lilipo, ni yeye aliyewaongoza wenzake kuchimba kwa siku mbili kuyafuata. Katika ushuhuda wa Mama Enock jina la Akida halikutajwa hata mara moja. Mwanzoni alisahaulika tu. Baadaye Mageni aliona Mwislamu angeharibu ladha. Mwishowe hadithi ilijaa, nafasi yake ikakosekana kabisa.

"Umesikia alichosema mwanao?" alimwuliza mumewe.

"Nimesikia." Sostenes alikata uzi kwa meno. Kila ushuhuda ulipotangazwa, yeye alikuwa na mbuzi wa kwenda kuwatazama, ingawa mbuzi wenyewe waliuzwa zamani. "Nimemwambia juzi. Amenijibu kwamba mimi nilikuwa chini, sikuona yaliyokuwa yakifanyika juu. Amesema mama ndiye aliyeona."

"Kwa nini hujawahi kunikataza?"

"Nikukataze mbele za watu, nikuaibishe? Nilingoja uchoke." Akaweka kiatu chini na kumtazama. "Umeniokoa mara nyingi sana, Mama Enock. Kila mwezi unaniokoa. Nimechoka kuokolewa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Mageni akatupa ufagio, akafunga kitenge vizuri, akaenda kutafuta pikipiki.

Akida alikuwa nyuma ya nyumba yake akimenya gogo magome, shati limemganda mgongoni. Mageni alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, Baba Swaumu."

"Marahaba, Mama Enock. Nyumbani hawajambo? Mgonjwa wangu anatembea?"

Kwa miaka minne mzee huyu alikuwa akimwita Sostenes mgonjwa wangu, na kwa miaka minne Mageni alikuwa akijifanya hasikii. Alikaa kwenye kigoda alicholetewa, akanywa maji aliyopewa, akaeleza habari ya Ebenezeri haraka haraka kama mtu anayetema kitu kichungu. Alimaliza kwa kumwomba aende awaambie vijana. Wewe ndiye fundi, alisema. Wewe watakusikia.

Akida alicheka kidogo. "Nilikwenda Jumatano. Mwigulu alinipokea vizuri, akanipa soda. Akaniambia, mzee, wewe imani yako ni ya magogo, sisi tunaye aliyemtoa Sostenes." Akapitisha kidole kwenye gogo kutafuta ufa. "Ningemwambia nini? Kwamba aliyemtoa Sostenes ni mimi? Si kweli vilevile. Kule chini nilikuwa nikimwomba Mungu kila nilipopiga sururu. Mimi sikatai kwamba Mungu alikuwepo."

"Basi nisaidie niseme nini."

"Hilo siliwezi, mama. Nikisema mimi, ni Mwislamu ana wivu. Akisema mumeo, hakuona. Wewe ndiye uliyeyang'oa matimba yangu pale chini, moja moja, kwa mdomo. Hakuna mwingine wa kuyarudisha."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema jinsi inavyochosha kuirudi kwa miguu. Mageni aliondoka bila kuaga sawasawa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Vijana tisa wa Ebenezeri walikaa benchi la mbele wamevaa mashati meupe, Enock katikati yao. Mageni alipoitwa, kwaya ilikwisha kuanza kupiga makofi kabla hajafika. Aliishika maiki. Mkono ulikuwa umelowa, akaipokeza mkono wa pili, na huo nao ulikuwa umelowa.

"Bwana asifiwe."

"Ameeen!"

"Wapendwa, siku zile sikuomba."

Makofi mawili matatu yalipigwa kwa mazoea, kisha yakakatika.

"Sikufunga. Mafuta sikuwa nayo. Mume wangu alibaki hai kwa sababu Akida wa Kharumwa aliweka matimba, na alitolewa kwa sababu Akida alichimba kuyafuata. Nimewadanganya miaka minne. Naomba mnisamehe. Na nawaomba nyie vijana, msishuke kesho mpaka magogo yaje."

Aliyatarajia matusi. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, kunyang'anywa ushemasi, hata kuzomewa hadi nyumbani. Kilichokuja hakukitarajia. Mchungaji Abel alipanda madhabahuni macho yakiwa yamelowa, akaichukua maiki taratibu mkononi mwake. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa mgumu kupenya kuliko ukuta.

"Kanisa," alisema, "mnaona adui anavyofanya kazi? Tunakaribia muujiza, naye anamjia dada yetu, anamwibia hata ushuhuda wake! Mama Enock, sisi tunakumbuka kwa niaba yako. Tusimame tumwombee."

Wakasimama. Wakamzunguka. Mama Euphrasia wa kwaya alimwekea kiganja kichwani na kukandamiza kama anayefunga gunia la pamba. Mageni alipaza sauti akisema ni kweli, mimi ndiye niliyekuwepo, nisikilizeni, lakini sauti moja haiwezi kushindana na mia tatu zinazokemea. Walimwombea robo saa nzima. Walikuwa wanaupenda uongo wake kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kuupenda, na hawakuwa tayari kumrudishia.

Aliponyanyua kichwa, nafasi ya Enock kwenye benchi ilikuwa wazi.

Hakurudi nyumbani siku hiyo. Alituma ujumbe kwa simu ya baba yake kwamba atalala kambini na wenzake. Mageni aliusoma ujumbe ule mara nyingi kama atakuta neno lililofichwa. Alijaribu kuomba akashindwa. Kila alipofungua mdomo, yalimjia maneno ya ushuhuda, laini, yamepangika, yenye vituo vyake vya watu kusema amina. Aligundua, na likamtisha, kwamba kwa miaka minne hakuwa amemwambia Mungu neno hata moja ambalo halikuwa la kusikilizwa na watu.

Jumatatu kulipopambazuka alikwenda Ebenezeri.

Katika machimbo yale mwanamke anapika, anaponda mawe, anaosha mchanga kule mwaloni, penye maji. Mdomoni mwa duara hafiki. Akifika, wanasema, dhahabu inakimbia, inaingia ndani zaidi, na watu watachimba mawe matupu mwaka mzima. Ni mwiko wa tangu machimbo yaanze. Pale Chemchemi ulihubiriwa mara nyingi kuwa ni mambo ya giza, na kila mmoja alisema amina.

Mageni alizipita turubai za kambi, akalipita karasha la kusagia mawe lililokuwa bado kimya, akafika kwenye mbao za mdomo wa duara, akakaa. Alikaa kabisa, miguu ikining'inia ndani ya shimo, sketi yake ya kanisani imetandazwa. Hewa ya baridi yenye harufu ya udongo ilimpanda miguuni. Aliogopa. Aliogopa shimo, aliogopa watu, na zaidi aliogopa uso wa mtoto wake.

Wa kwanza kufika walikuwa vijana wawili na ndoo. Mmoja, kwa adabu aliyolelewa nayo, alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kabla hajaona alipokaa. Mageni akamwitikia salamu. Ndipo kijana alipoona, ndoo ikamponyoka.

Ndani ya muda mfupi wote walikuwa pale. Mwinjilisti Mwigulu alikuja akiwa na Mchungaji Abel na chupa ya mafuta.

"Mama Enock," Mwigulu alisema, "kuna nini tena? Jana si tulikuombea?"

"Mliniombea, ahsanteni. Leo nimekuja kukaa."

"Hapo hapakaliwi."

"Kwa nini?"

Mwigulu alimtazama Mchungaji, Mchungaji akaitazama chupa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

"Sizuii mtu," Mageni alisema, akasogea kidogo. "Nafasi hii hapa. Kamba hiyo hapo. Pakeni mafuta yenu, mtu apite ubavuni mwangu ashuke."

Mchungaji alipaka kamba. Akapaka winchi. Akapaka vipaji vyote, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko siku nyingine. Kisha wakasimama. Mmoja wa vijana alijikuna shingoni. Mwingine akasema kiatu chake kina mchanga, akakivua, akakikung'uta, akakivaa, akakivua tena. Nyuma kabisa mtu akanong'ona kwamba dhahabu itakimbia, na wenzake wakamzomea anyamaze.

"Nimesikia," Mageni alisema. "Basi semeni. Mwamba unaweza kuwaangukia kichwani mkasema mafuta yatauzuia. Lakini sketi ya mama mtu mzima, mafuta hayaiwezi?"

Usoni mwa Mchungaji Abel lilipita jambo ambalo jana halikuwepo. Si kwamba alikubali. Alikuwa kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akakosa kidato.

Enock alitoka katikati ya wenzake. Alikuja mpaka kwenye mbao, akachutama upande wa pili wa shimo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Unanitia aibu," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Jana umenitia aibu, na leo. Mama, mimi nilibatizwa kwa maneno yako. Nilikuwa nakwenda kubaya, unakumbuka? Nilikaa pale nikakusikia unavyosema ulivyoomba, nikasema Mungu wa mama yangu ndiye wangu. Sasa unaniambia hukuomba. Mimi niliamini nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Mageni alikuwa akilikimbia tangu Jumamosi, na kabla ya Jumamosi, na kabla hata kijana huyu hajabatizwa.

"Uliamini uongo wangu," alisema. "Ulichokipata ndani yake sikijui, ni chako. Mimi siwezi kukupa wala kukunyang'anya. Najua changu tu."

"Chako kipi?"

"Nilimtukana, Enock. Siku mbili, mlango umefungwa. Walidhani naomba."

"Ulimtukana nani?"

"Mungu."

Kijana alikaa chini kwenye mbao. Wenzake walikuwa mbali kidogo, wakijifanya hawasikilizi, jinsi watu wanavyojifanya wakati wanasikiliza kwa masikio yote.

"Ulimwambiaje?"

Mageni alisita. Katika mambo yote aliyowahi kuyasema mbele za watu, hili lilikuwa halijatoka. "Nilimwambia mengi. Nilimwambia yeye ni kama jirani anayesikia unapigiwa hodi na simba, anazima taa. Nilimwambia asiniletee habari za kuvumilia, yeye hajawahi kuwa na mume, atajuaje."

Enock alimtazama. Mdomo ulimcheza. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka kicheko kilichomtoa machozi, na machozi yalipoanza hayakuwa ya kicheko tena. Alijifunika uso kwa viganja vyake vyenye mafuta ya upako.

"Atajuaje," alirudia. "Mama wewe."

"Na hakunijibu," Mageni alisema. "Hakunipiga radi, hakuniacha pia. Nilitukana mpaka nikaishiwa, nikalala sakafuni, na wakati huo wote Akida alikuwa chini anachimba. Baba yako akarudi kwa mke aliyekuwa hajamwombea. Hicho ndicho nilichokiona kwa macho yangu. Ni kidogo, hakina mafuta, na hakimfai mtu wa semina. Nilikionea aibu, nikatengeneza kingine."

Enock alichungulia ndani ya shimo kwa muda mrefu, pale matimba ya juu yalipokomea na giza la udongo mtupu likaanza. Mageni hakuongeza neno. Alitamani sana kuongeza. Mazoea ya miaka minne yalimvuta ulimi, yakimwambia amalizie kwa jambo zuri, na akauma midomo akanyamaza.

"Enock!" Mwinjilisti Mwigulu aliita, uvumilivu ukiwa umemwishia. "Jua linapanda. Mama yako ni mama yako, lakini wewe ndiye kiongozi wa kundi. Unashuka au hushuki?"

Enock alisimama. Akaishika kamba, akaijaribu kwa kuivuta mara mbili kama ilivyo desturi. Kisha akaiachia.

"Naogopa, Mwinjilisti," alisema.

Hapo kambini mtu haogopi. Mtu anaumwa kichwa, au ana msiba Kahama, au kiatu chake kina mchanga. Neno lile lilianguka kati yao, na hakuna aliyejua alipokee vipi. Mwigulu alifungua kinywa.

"Hata mimi," alisema yule wa kiatu.

"Mimi tangu Ijumaa silali," alisema mwingine.

"Na mimi."

Wakaendelea, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ndogo, bila amina, mpaka wakafika tisa. Mchungaji Abel aliifunga chupa yake, akaitia mfukoni, na alipoona wote wamenyamaza na sasa wanamtazama yeye, alilitazama giza lile la chini akasema kwamba hata yeye, wapendwa, humo asingeingia.

Akabaki Mwigulu peke yake. Alivua kofia, akaikunjakunja, akaivaa tena. Hakumtazama Mageni aliposema, "Basi mmoja wenu achukue pikipiki akamwite Akida."

"Nitakwenda mimi," alisema Enock.

Mageni aliona kwamba sasa angeweza kuinuka. Lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, akabaki palepale mdomoni mwa duara, na wanaume waliobaki wakangoja kwa adabu, mbali mbali, bila kumharakisha.